GRUB imegoma: uitengeneze ukiwa ndani, utumie flashi, au uiachie programu?

Umewasha kompyuta, nembo ya mtengenezaji imepita, kisha kila kitu kimesimama hapa:

```
error: no such partition.
Entering rescue mode...
grub rescue>
```

Wapo ambao wakifika hapo huchomeka flashi ya usakinishaji na kuanza upya, na picha za miaka zikapotea hivyo hivyo. Huko ni kubomoa nyumba kwa sababu ufunguo umepotea. Mafaili yako yapo palepale yalipokuwa jana. Kilichoharibika ni butiloda, ile programu ndogo inayoitafuta kerneli, yaani kiini cha Linux, kwenye diski, kuipakia kwenye RAM na kuikabidhi kompyuta. Kwa Linux nyingi butiloda hiyo ni GRUB, na njia za kuifufua ni nyingi kiasi kwamba ukiuliza watu watano utapewa majibu matano. Yote yanaweza kuwa sahihi, ila si kwa tatizo moja.

Msimamo wangu niuseme mapema: kama kuna mlango wowote wa nyuma wa kuingilia kwenye mfumo wako wenyewe, ingia kwanza, halafu itengeneze GRUB ukiwa ndani. Chroot (kuingia kwenye mfumo wako kutoka kwenye Linux ya flashi), jibu ambalo mafundi wengi hulitoa kabla hujamaliza kueleza shida, mimi naiweka baadaye.

Kwanza, kimekatika wapi?

Kompyuta zenye BIOS, fimwea ya zamani (fimwea ni programu ya ubao mama inayoiamsha kompyuta), husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, na katika hizo ni 446 tu zilizotengwa kwa ajili ya programu. GRUB nzima haienei humo. Kwa hiyo huweka kipande kidogo kinachojua kuita kipande kikubwa kilicho jirani (kwenye nafasi iliyo kabla ya partisheni ya kwanza, au kwenye partisheni maalumu ya kama MB 1 ikiwa diski ni ya GPT, mtindo mpya wa kuigawa diski), nacho ndicho kinachokwenda kuchukua moduli na menyu kwenye `/boot/grub`.

UEFI, fimwea ya kisasa, hufanya kazi vingine. Fimwea yenyewe inajua kusoma partisheni ya FAT, inafungua faili kama `\EFI\debian\shimx64.efi`, na anwani ya faili hilo imeandikwa kwenye kumbukumbu ya ubao mama, si kwenye diski. Ndiyo maana unaweza kuihamishia diski nzima kwenye kompyuta nyingine na ikakataa kuwaka ilhali haina kasoro hata moja.

Soma skrini kabla hujagusa kitu:

| Unachokiona | Kilichokatika | Anzia hapa |
|---|---|---|
| Inaingia Windows moja kwa moja, au fimwea inasema haioni cha kuwasha | Anwani kwenye kumbukumbu ya UEFI | Menyu ya fimwea, kisha amri ya efibootmgr |
| `grub>` | GRUB ipo, menyu yake haionekani | Amri papo hapo |
| `grub rescue>` | GRUB imepotezana na moduli zake | Amri papo hapo. Ikishindikana, flashi |
| `symbol ... not found` | Vipande viwili vya GRUB ni vya matoleo tofauti | Flashi |
| `Security Policy Violation` | Secure Boot (ulinzi wa fimwea unaoruhusu programu zenye saini tu) imeikataa shim (programu ndogo inayoitangulia GRUB) | Mipangilio ya Secure Boot |
| Menyu inakuja, kisha `Kernel panic` | Kerneli au initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa pamoja na kerneli) | Chagua kerneli ya zamani kwenye menyu. GRUB ni nzima |

Mstari wa mwisho wa jedwali nausisitiza, kwa sababu watu huisakinisha GRUB mara tatu wakati GRUB ilishamaliza kazi yake salama. Na ukiona `failure reading sector`, sahau butiloda kabisa: huenda diski ndiyo inayoaga. Nakili mafaili kwanza.

Anwani tu ndiyo iliyopotea: efibootmgr

Hili ndilo tatizo jepesi kuliko yote, na ndilo linalotibiwa kwa dawa kali isiyohitajika. Sasisho la Windows, betri ya ubao mama iliyokufa, au kuisasisha fimwea yenyewe, vyote vinaweza kufuta au kupanga upya orodha ya UEFI. Jaribu kwanza menyu ya kuchagua kifaa cha kuwashia (F12, F9, Esc, hutegemea kompyuta). Ukiliona jina la Linux yako humo, lichague, ingia, na uangalie orodha ilivyo:

```
$ efibootmgr
BootCurrent: 0003
BootOrder: 0000
Boot0000* Windows Boot Manager
Boot0003* debian
```

Tazama mstari wa pili. Debian ipo kwenye orodha lakini haipo kwenye zamu. Amri moja inamaliza kazi: `sudo efibootmgr -o 0003,0000`. Kama haipo kabisa, iandike upya ukiwa kwenye flashi, ukiitaja diski, namba ya partisheni ya EFI na faili:

```
sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L debian -l '\EFI\debian\shimx64.efi'
```

Kuna fimwea zinazosahau kila unachoziandikia. Kwa hizo usipigane na orodha. Weka nakala ya GRUB kwenye njia ambayo fimwea huiangalia hata bila kuandikiwa, yaani `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Debian na jamaa zake wana `grub-install --force-extra-removable` kwa kazi hiyo hiyo.

Ubaya wa njia hii ni mmoja: kwa kompyuta ya BIOS haina maana yoyote.

Mlango wa nyuma: kuandika amri kwenye GRUB yenyewe

Hii ndiyo niipendayo, na ndiyo inayoogopwa bure. Skrini nyeusi inatisha, lakini `grub rescue>` inajua amri nne tu: `ls`, `set`, `unset` na `insmod`. Huwezi kuharibu diski hata ukikosea, kwa sababu hakuna inachokiandika humo. Ubaya wake ni kwamba kibodi inasomwa kwa mpangilio wa Marekani na kitufe cha Tab hakikusaidii, kwa hiyo andika taratibu.

```
grub rescue> ls
(hd0) (hd0,gpt3) (hd0,gpt2) (hd0,gpt1)
grub rescue> ls (hd0,gpt2)/
grub rescue> set root=(hd0,gpt2)
grub rescue> set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub
grub rescue> insmod normal
grub rescue> normal
```

Unachofanya ni kuionyesha GRUB mahali zilipo moduli zake. `ls` ya pili ni ya kupapasa: jaribu kila partisheni hadi uione ile yenye `boot`, `etc`, `home`. Kama `/boot` yako ni partisheni ya peke yake, prefix inakuwa `/grub` bila `/boot` mbele. Kama mfumo wa mafaili ni btrfs ya Ubuntu, inakuwa `/@/boot/grub`. Fedora huiita folda hiyo `grub2`.

Chanzo cha kosa hili mara nyingi ni kufuta au kuongeza partisheni. Kwenye diski za MBR (mtindo wa zamani wa kuigawa diski), ukifuta partisheni ya 5, ile iliyokuwa ya 6 hugeuka kuwa ya 5, na GRUB inaendelea kugonga mlango wa zamani.

Ukiwa kwenye `grub>` kamili mambo ni mepesi zaidi, maana Tab inafanya kazi. Debian huweka viungo vya kerneli ya karibuni kwenye mzizi wa diski, kwa hiyo kama `/boot` haijatengwa unaandika tu:

```
set root=(hd0,gpt2)
linux /vmlinuz root=/dev/nvme0n1p2 ro
initrd /initrd.img
boot
```

Kerneli hutangulia initrd (ndiyo ile initramfs). Ukizigeuza GRUB itakulalamikia.

Mfumo ukishawaka, kazi yote iliyobaki ni hii: `sudo grub-install /dev/sda` kwa BIOS, au `sudo grub-install` peke yake kwa UEFI, kisha `sudo update-grub`. Hapa ndipo sababu yangu ya kuipenda njia hii ilipo. Ukiwa ndani ya mfumo, kila partisheni imeshapachikwa mahali pake na `/etc/fstab`, diski iliyofungwa kwa nywila imeshafunguliwa, LVM (mfumo wa kuunganisha na kugawa diski) imeshaamka, na matoleo ya programu ni yale yale ya mfumo wako. Hakuna cha kukisia. Kwenye chroot mambo yote hayo unayafanya wewe kwa mkono, na kila moja ni nafasi ya kukosea.

Mipaka yake ipo. Secure Boot ikiwa imewashwa, `insmod` inaweza kujibu `prohibited by secure boot policy`. Diski iliyofungwa yote hadi `/boot` inataka maarifa zaidi ya amri nne hizo. Na kuna kosa la `symbol`, ambalo halikubali njia hii hata kidogo. Mwezi Julai 2020, baada ya udhaifu wa GRUB uliopewa jina la BootHole (CVE-2020-10713) kuzibwa, kompyuta kadhaa za BIOS ziliamka na `symbol 'grub_calloc' not found`. Sasisho lilikuwa limeandika moduli mpya kwenye `/boot/grub`, lakini kile kipande cha mwanzo wa diski kilibaki cha zamani kwa sababu mfumo ulikuwa unakumbuka diski isiyo sahihi. Moduli mpya inamwomba kipande cha zamani kitu asichokijua. Hapo huwezi kuita `normal`, maana `normal` ndiyo inayokataa.

Kuazima GRUB ya mtu mwingine

Kama GRUB yako haiwezi hata kusimama, unaweza kuazima nyingine kwenye flashi. Super GRUB2 Disk imetengenezwa kwa kazi hiyo: ukiiwasha inatafuta mifumo yote iliyo kwenye diski na kukuletea orodha, unachagua wako, unaingia, halafu zile amri mbili, `grub-install` na `update-grub`. Kosa la `grub_calloc` huisha hivyo kwa dakika chache, ila kwenye Debian na Ubuntu malizia na `sudo dpkg-reconfigure grub-pc` ili mfumo uikumbuke diski iliyo sahihi, la sivyo sasisho lijalo litakurudisha ulikotoka. rEFInd nayo hufanya kazi ya namna hii, kwa UEFI tu.

Flashi ya namna hii nashangaa haitajwi sana. Mtu asiyejua hata amri moja anaweza kuitumia, na haigusi diski yako mpaka uamue.

Chroot: ya uhakika, ila inataka macho

Mlango wa nyuma ukikosekana kabisa, ndipo inapoingia. Unawasha Linux ya kwenye flashi, unapachika partisheni zako, unaingia ndani yake kana kwamba ndiyo iliyowaka:

```
ls /sys/firmware/efi
sudo mount /dev/nvme0n1p2 /mnt
sudo mount /dev/nvme0n1p1 /mnt/boot/efi
for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done
sudo chroot /mnt
grub-install
update-grub
```

Mstari wa kwanza si pambo. Folda hiyo isipokuwepo, flashi yako imewaka kwa mtindo wa BIOS, na ukiendelea utaambiwa `EFI variables are not supported on this system`, au utasakinisha GRUB ya BIOS kwenye kompyuta ya UEFI. Zima, rudi kwenye menyu ya fimwea, uichague flashi ileile kwa mstari wenye neno UEFI.

Nguvu ya chroot ni kwamba inatibu karibu kila kitu: moduli zilizopotea, initramfs mbovu, kerneli iliyofutwa, sasisho lililokatika katikati ya njia. Mitego yake ndiyo inayonifanya niiweke nyuma. Diski iliyofungwa unaifungua kwa `cryptsetup open`, tena kwa jina lilelile lililo kwenye `/etc/crypttab`. LVM unaiamsha kwa `vgchange -ay`. Btrfs unaipachika kwa `-o subvol=@`. Na `grub-install` ya BIOS unaielekeza kwenye diski, `/dev/sda`, si `/dev/sda1`.

Mtego ulioninasa mimi ulikuwa wa `/boot` iliyotengwa. Niliisahau. Nikaendesha `grub-install`, ikanijibu kwa upole `Installation finished. No error reported.`, nikafunga kila kitu kifua mbele. Baada ya kuwasha, menyu ya GRUB ilikuwa na mstari mmoja tu: UEFI Firmware Settings. GRUB ilisakinishwa vizuri kabisa, kwenye folda tupu ya `/boot` iliyo chini ya partisheni halisi, mahali pasipo na kerneli hata moja. Tangu siku hiyo, nikishapachika mzizi, amri inayofuata huwa ni `cat /mnt/etc/fstab`. Faili hilo linakutajia kila kinachotakiwa kupachikwa. Huna haja ya kukumbuka.

Fedora ina lake. Kwa UEFI usiendeshe `grub2-install`, kwa sababu utajizalishia GRUB isiyo na saini, na Secure Boot itaikataa. Ukiwa ndani ya chroot, sakinisha upya vifurushi kwa `dnf reinstall shim-\* grub2-efi-\*`, kisha `grub2-mkconfig -o /boot/grub2/grub.cfg`. Flashi ya Arch inakuja na `arch-chroot`, inayokupunguzia ule mstari wa `for`.

Na kama Windows imepotea kwenye menyu baada ya haya yote, haijafutwa. Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, utafutaji wa mifumo mingine huja ukiwa umezimwa. Ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub`, hakikisha kifurushi cha os-prober kipo, uendeshe `update-grub` tena.

Boot-Repair: kitufe kimoja

Unawasha flashi ya Ubuntu, unaunganisha intaneti, unaongeza hazina ya `ppa:yannubuntu/boot-repair`, unaisakinisha programu ya Boot-Repair, unabonyeza kitufe cha ukarabati uliopendekezwa. Kwa kompyuta ya kawaida, diski moja, Ubuntu au Mint, hufaulu mara nyingi, na sitamcheka anayeanzia hapo.

Ninachokisita ni kwamba inaamua mambo kwa niaba yako. Kwenye diski mbili inaweza kuiweka GRUB kwenye ile usiyoitaka, na imewahi kuwa na chaguo la kubadilisha majina ya mafaili ya EFI ya Windows, ambalo kama hujui ni la nini basi usiliguse. Kwa Fedora au Arch siipendekezi. Thamani yake kubwa kwangu ni ripoti: inakusanya orodha ya partisheni, UUID (vitambulisho vya partisheni), fstab na grub.cfg mahali pamoja. Ukiomba msaada ukiwa na ripoti hiyo unasaidiwa mara tatu haraka kuliko mwenye kuandika "Linux yangu haiwaki".

Pale ambapo hakuna njia yoyote kati ya hizi inayofaa

Tarehe 13 Agosti 2024 Microsoft ilitoa sasisho lililozifungia shim za zamani, na kompyuta zenye Windows na Linux pamoja zikaanza kutoa `Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation`. Chroot, Boot-Repair, `grub-install`: ukirudishia shim ileile ya zamani hupati kitu, kwa sababu faili lilikuwa zima ila limepigwa marufuku. Dawa ilikuwa kuzima Secure Boot kwenye fimwea, kuingia Linux, kuendesha `sudo mokutil --set-sbat-policy delete`, kuwasha upya na kuingia Linux tena, kusasisha shim, ndipo Secure Boot irudishwe.

Kabla ya kuigusa Secure Boot kwenye kompyuta yenye Windows iliyofungwa kwa BitLocker, uwe na ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 mkononi. Windows ikiona mabadiliko hayo inaweza kuudai, na hapo hakuna amri ya Linux itakayokusaidia.

Vipi kuhusu kuachana na GRUB na kuhamia systemd-boot? Ni nyepesi, mipangilio yake ni mafaili mafupi ya maandishi, na mimi naitumia kwenye kompyuta moja. Lakini huko ni kuhama, si kutengeneza. Haijui BIOS, na inataka kerneli zikae kwenye partisheni ya EFI au kwenye partisheni maalumu ya ziada. Partisheni ya EFI iliyotengenezwa na Windows mara nyingi ni MB 100 tu. Kerneli na initramfs mbili zitaijaza kabla hujamaliza. Hamia siku ambayo kompyuta ni nzima na una muda.

Kusakinisha upya kunabaki kwa yule ambaye mfumo wenyewe umechakaa, si GRUB peke yake. Hata hapo, flashi ile ile ya usakinishaji ina kitufe cha kujaribu bila kusakinisha. Ingia humo, ipachike partisheni ya zamani, ufungue `/home`, na unakili kila unachokihitaji kwenye diski ya nje kabla hujabonyeza kingine chochote.